Mama Amezoea Vidonge vya Usingizi: Faili Lake Liandikweje?

"Shikamoo daktari. Mimi ni afisa kumbukumbu za afya katika kituo kimoja binafsi hapa Moshi, na ndiye ninayejaza misimbo ya magonjwa kwenye fomu za madai ya bima. Wiki mbili zilizopita tulimpokea mama wa miaka 61 kutoka Kibosho. Alikuwa amedondoka nyumbani akatetemeka mwili mzima kwa dakika kama tatu. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, sukari ilikuwa sawa. Ndugu walisema amekuwa akimeza diazepamu kila usiku tangu afiwe na mumewe, yapata miaka sita sasa, na alianzishiwa hospitali. Siku tano kabla ya kuanguka, kijana wake alimnyang'anya vidonge vyote. Daktari wa zamu aliandika maneno machache tu: 'degedege, matumizi mabaya ya dawa za usingizi.' Mimi nikatafuta mtandaoni, nikaweka F13.20. Dai limerudishwa, wanasema ugonjwa ulioandikwa haulingani na maelezo. Kijana wake naye ameiona fomu, amekuja juu: mama yangu si teja, andikeni kukosa usingizi. Mwenzangu ananishauri niweke kifafa, G40, yaishe. Daktari aliyemwona yuko likizo. Nifanye nini? Na kweli mtu aliyepewa dawa na daktari anaweza kuandikwa mraibu?"

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili. Naona umebeba mzigo wa vitu vitatu: dai lililorudi, kijana mwenye hasira, na hofu yako mwenyewe kwamba huenda umemwandika mama wa watu jina lisilo lake. Hiyo hofu ya tatu ndiyo iliyonikalisha nikujibu kwa kirefu, maana wengi wetu tukirudishiwa dai tunafikiria pesa tu.

Lakini kabla ya msimbo wowote, nenda kwenye faili leo hii uangalie kitu kimoja: mama yule aliruhusiwa na dawa gani? Kama alichomwa diazepamu akatulia, kisha akarudi nyumbani bila kidonge chochote kwa sababu mtu aliandika "matumizi mabaya", basi hatari haijapita. Na kama alipewa dawa za kifafa peke yake, pia haijapita. Mpigie simu kijana wake, au mwombe nesi ampigie, aulizwe mama analalaje, anatetemeka au hatetemeki, na kama amewahi kuanguka tena. Kukiwa na jibu lolote la kutia shaka, arudi kuonwa siku hiyo hiyo. Fomu inaweza kusubiri.

Sasa tuje kwenye maswali yako. Utaelewa kwa nini msimbo uliouweka haukai sawa ukielewa kwanza kilichotokea kichwani mwa mama yule.

Ubongo una kemikali yake ya kutuliza, inaitwa GABA. Kazi yake ni kupunguza kasi ya seli za fahamu zisiwake zote kwa pamoja. Diazepamu haileti utulivu mpya kutoka nje. Inaipa nguvu GABA iliyokuwepo, ndiyo maana mtu analala. Wewe uko Kilimanjaro, kwa hiyo nitakueleza kwa mfereji. Fikiria mtu wa juu ameweka jiwe kubwa kwenye mfereji, maji yanayofika shambani kwako yakapungua. Utafanya nini? Utapanua mdomo wa shamba lako, utachimba zaidi, mpaka maji yarudi kiasi ulichozoea. Siku zinapita, miaka inapita, shamba liko sawa na jiwe liko palepale. Halafu asubuhi moja mtu analiondoa lile jiwe kwa mkupuo. Maji yote yanaingia kwenye mdomo ulioupanua, na shamba linafurika.

Diazepamu ndiyo lile jiwe. Ubongo wa mama ulijipanua kwa miaka sita ili ufanye kazi zake pamoja na dawa. Kijana alipoondoa vidonge, ubongo ukafurika: jasho, mikono kutetemeka, usingizi kupotea, moyo kwenda mbio, na mafuriko yalipozidi, ndipo mwili mzima ukatetemeka. Mtu yeyote aliyemeza dawa hii kila siku kwa muda mrefu anaweza kufikia hapo, awe mchungaji, mwalimu au mfanyabiashara wa Mbuyuni. Tabia yake haina uhusiano na jambo hilo. Nimeona watu wakishangaa ninaposema inaweza kutokea hata kwa aliyemeza dozi ileile aliyoandikiwa bila kuzidisha hata mara moja, ila ndivyo ilivyo, na kitabu kipya cha Shirika la Afya Duniani cha kuainisha magonjwa na misimbo yake, ICD-11, kimelisema wazi jambo hilo.

Zile siku tano nazo zina maana. Diazepamu hukaa mwilini. Nusu yake huchukua takriban siku moja hadi mbili kuondoka, na ini huigeuza kuwa kemikali nyingine inayofanya kazi ileile, ambayo nusu yake inaweza kuchukua hadi saa 100. Kwa mtu mzima wa umri huo mwendo ni wa polepole zaidi. Kwa hiyo siku ya kwanza na ya pili mama anaweza kuonekana mzima kabisa, kijana akasema "mnaona, hakuzihitaji," halafu mambo yakaharibika siku ya tano, ya sita, hata baada ya wiki. Daktari wa zamu anayeuliza "jana amemeza nini?" ataambiwa "hakuna kitu", na atakuwa ameambiwa kweli. Swali la kuuliza ni lini alimeza kidonge cha mwisho, na kabla ya hapo alimeza kwa muda gani.

Haya, F13. Kwenye ICD-10, kitabu tunachokitumia wengi, herufi F ni sura ya magonjwa ya akili na tabia, na F10 hadi F19 ni matatizo yatokanayo na vitu vinavyogusa akili. F10 ni pombe, F12 ni bangi, F13 ni dawa za usingizi na za kutuliza, F17 ni tumbaku. Hata kafeini, yaani kahawa yenu hiyo ya Kibosho, ina nafasi yake humo, iko F15. Mwambie kijana hivyo akija tena. Mama kukutwa kwenye mtaa huo hakumfanyi kuwa teja, kama vile mvuta sigara wa F17 hatumwiti teja. Msimbo unataja aina ya dawa iliyohusika. Hausemi aliinunua wapi wala kwa nia gani.

Baada ya nukta ndipo habari yenyewe ilipo. F13.0 ni kulewa dawa kwa wakati ule. F13.1 ni matumizi yenye madhara. F13.2 ni utegemezi, ambao mtaani tunauita uraibu. F13.3 ni hali inayompata mtu anapokatiwa dawa au kuipunguza ghafla, kile ambacho vijana wanaotumia unga wanakiita arosto. F13.4 ni hali hiyohiyo ikiwa imeambatana na kuchanganyikiwa: mgonjwa hajui yuko wapi, anaona vitu visivyokuwepo.

Daktari wa zamu aliandika "matumizi mabaya". Neno hilo lina sumu. Linamhukumu mtu na halimwelezi msomaji kilichotokea. ICD-10 yenyewe, kwa F13.1, inataka pawe na madhara halisi kwa mwili au akili ya mtu, na inaonya kwamba jamii kutopendezwa na jambo, au ugomvi wa ndani ya nyumba, si ushahidi wa ugonjwa. Mama aliyemeza kidonge kimoja alichoandikiwa, akalala, akaamka akaenda kukata majani ya ng'ombe, ametumia vibaya kitu gani? Neno lile lingefutwa kwenye kamusi ya wodini nisingelikumbuka.

Sasa swali lako kubwa: aliyepewa dawa na daktari anaweza kuandikwa mraibu? Anaweza, lakini si kwa sababu tu mwili wake umezoea. Hapa ndipo wengi wanateleza, na madaktari tumo. ICD-10 inataja dalili sita za utegemezi: hamu kali ya dawa, kushindwa kujizuia kuanza au kuacha au kupima kiasi, mwili kuleta dalili dawa ikikosekana, mwili kuzoea hadi dozi ya zamani haitoshi, kuacha mambo mengine ya maisha kwa ajili ya dawa, na kuendelea ingawa mtu anaona inamdhuru. Zinatakiwa angalau tatu kwa pamoja ndani ya mwaka uliopita. Na zaidi ya hesabu, kitabu kinasema kuitumia dawa au kuitamani ni kiini cha utegemezi, kisha kinatoa mfano ninaoupenda sana: mgonjwa wa upasuaji aliyepewa dawa kali za maumivu, zikikatishwa anaweza kupata dalili za kukatiwa dawa, lakini kama hana hamu yoyote ya kuendelea nazo, huyo hahesabiwi kuwa na utegemezi.

Kwa mama wa Kibosho, barua yako inanipa dalili moja ya uhakika, ile ya mwili kulalamika dawa ilipoondolewa. Ya pili ingekuwa dozi kuongezeka, ila hujaniambia. Hizo nne nyingine hazijulikani kwa sababu hakuna aliyeuliza. Hata kama dozi iliongezeka, tungetaka kujua ni mkono wa nani ulioiongeza. Daktari akiandika vidonge viwili badala ya kimoja, ni matibabu. Mama akizunguka maduka ya dawa matatu wiki moja, moja Majengo, moja Pasua, moja stendi, kila moja akidai zimemwishia, hiyo ni habari nyingine, nayo inahitaji huruma ileile.

Kuna namna ya kulipata jibu hili bila kumhoji mtu kama polisi. Mwombe alete bahasha za dawa. Mama zetu hawatupi kitu. Mimi nilishaletewa mfuko wa plastiki uliojaa zile bahasha ndogo, nyingine zimekwisha rangi, zimekunjwa na kufungwa kwa mpira wa nywele. Nilizipanga mezani kufuata tarehe. Za mwanzo zote zilikuwa mwandiko mmoja wa duka la hospitali, "1 × 1 usiku". Katikati ukatokea mwandiko mwingine, "2 usiku", na tarehe zikaanza kukaribiana: bahasha ya siku 30 imefuatwa na nyingine baada ya siku 18. Mgonjwa mwenyewe aliziangalia zilivyopangika akasema taratibu, "Hapo ndipo mdogo wangu alipokufa." Sikuwa nimemuuliza swali lolote. Faili lake la miaka ile yote lilikuwa na neno moja tu likijirudia, "aendelee", na baadhi ya hizo "aendelee" zilikuwa na sahihi yangu. Ndiyo maana sipendi mtu akimtupia lawama mgonjwa wa namna hii kabla hajasoma alichoandika yeye.

Kwa maelezo uliyonipa, basi, ugonjwa uliomleta kituoni unaelekea F13.3. Kitabu kinaruhusu hali hiyo iwe ugonjwa mkuu kama ndiyo iliyomleta mgonjwa na ilikuwa kali kiasi cha kuhitaji matibabu yenyewe. Kutetemeka mwili mzima kunatimiza hilo. Tena ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani ina tarakimu ya tano: F13.30 ni bila matatizo, F13.31 ni pamoja na degedege. Kama mfumo wa bima mnaoutumia unapokea tarakimu nne tu, weka F13.3 na uache maelezo ya daktari yaseme mengine. Kituo kikihamia ICD-11, utazikuta dawa hizi kwenye 6C44, hali ya kukatiwa dawa ni 6C44.4, na mgawanyo wa wenye degedege upo pia.

Na sasa F13.20 yako. Uliipata mtandaoni, na bila shaka ulifika kwenye kurasa za Marekani. Wamarekani wana toleo lao la ICD-10 walilolifanyia marekebisho, wanalitumia tangu tarehe 1 Oktoba 2015, na tarakimu ya tano kwao ina maana nyingine. Kwao F13.20 ni utegemezi usio na matatizo mengine, mtu anaendelea na dawa. Kwenye mgawanyo wa Shirika la Afya Duniani, F13.20 ni utegemezi wa mtu ambaye kwa sasa ameacha. Anayetumia hadi sasa ni F13.24. Umeona? Msimbo uleule, herufi ileile na nukta ileile, huku unasema anameza, kule unasema ameacha. Na hakuna hata mmoja kati yake unaosema kwamba alikuja akiwa ametetemeka. Aliyelikataa dai lako alikuwa na sababu. Siku zote hakikisha toleo unalosoma ndilo linalotumiwa na mfumo wenu. Karatasi moja iliyobandikwa ukutani, yenye misimbo 30 mnayoitumia mara nyingi kutoka kwenye toleo sahihi, itakuokoa kuliko kutafuta mtandaoni kila mara.

Kuhusu G40, usifanye. Degedege moja yenye sababu inayojulikana si kifafa. Ukimwandika kifafa, atakayemwona mwezi ujao ataendeleza dawa za kifafa bila kuuliza, na huenda akazimeza miaka mingi kwa ugonjwa ambao hana. Halafu wewe ni mtu wa huku, unajua neno kifafa linavyobebwa vijijini. Wapo wanaoogopa kumshika mgonjwa akianguka, wapo wanaomtengea kikombe. Kijana anayepigania heshima ya mama yake hajui kwamba mwenzako anataka kumpa neno zito kuliko lile alilolikataa. Kama daktari angekuwa hajapata sababu kabisa, ipo R56.8 ya degedege isiyojulikana chanzo, nayo ni ya muda tu. Hapa chanzo kipo.

Na "kukosa usingizi"? Hilo linaweza kuandikwa kama ndilo lililomwanzishia dawa na bado linamsumbua. Likae pembeni ya F13.3, lisichukue nafasi yake. Naelewa kwa nini inavutia. Inatuliza familia, inapita kirahisi, hakuna anayeonekana kuumizwa. Lakini mama atakuja kufanyiwa upasuaji siku moja, au atalazwa kwa nimonia, na mtu atasoma faili lake, aone "usingizi", asione diazepamu ya miaka sita, aizuie bila kujua. Siku tano baadaye atatetemeka tena, safari hii akiwa na kidonda cha upasuaji. Tena kuandika ugonjwa usiokuwepo kwenye dai ni udanganyifu, hata kama nia ni njema. Sahihi ni yako, na wewe ndiye utakayeitwa.

Kuna jambo linalofanana na hili niliseme upesi kwa sababu linatokea sana huku kwetu: mgonjwa wa kifafa anayemeza fenobabito kila siku. Fenobabito kwa jamii yake ni dawa ya usingizi, na nimeona mafaili ambapo mtu kaona jina akaweka F13. Huyo ni G40, anatibiwa kifafa chake. Akikosa dawa akaanguka, andikeni hivyo: ana kifafa, alikosa dawa siku kadhaa.

Pombe lazima iulizwe, hata kwa mama wa kanisani. Iulizwe kwa lugha ya nyumbani: mbege siku za sherehe au kila jioni? Glasi ngapi? Mtu aliyezoea pombe akaacha ghafla anatetemeka vilevile, anatoka jasho vilevile, anaweza kupata degedege vilevile, nayo ni F10.3. Na pombe pamoja na diazepamu vinaweza kuzima pumzi ya mtu usingizini. Kama vyote viwili vipo na daktari anaona kila kimoja kimechangia, viandikwe vyote viwili. F19, ile ya vitu mchanganyiko, iachwe kwa mtu ambaye matumizi yake yamevurugika kiasi kwamba huwezi kutenganisha kipi kimefanya nini. Na mtu aliyemeza vidonge vingi kwa mkupuo ni habari tofauti kabisa: hiyo ni sumu, T42.4 kwa jamii ya diazepamu, na lazima iandikwe pia kama ni bahati mbaya au alikusudia. Akisema alikusudia, mwite daktari kwanza, asiachwe peke yake hata dakika.

Yote haya niliyokueleza, hata hivyo, si wewe wa kuyaamua. Wewe unasoma faili na kulipa msimbo. Ugonjwa unatajwa na daktari. Kwa hiyo hatua yako ni kumrudishia swali. Namna ya kuuliza ina uzito. Ukimwandikia "Daktari, thibitisha mgonjwa ni mraibu niweke F13.2," umemwekea jibu mdomoni, na wengi watasaini tu. Mimi ningeandika hivi:

"Daktari, faili linaonyesha diazepamu kila usiku kwa takriban miaka 6, dawa ikakatishwa ghafla siku 5 kabla ya kufika, kisha degedege mara moja kwa dakika 3. Malaria hakuna, sukari sawa. Kwa maoni yako ya kitabibu, degedege ilisababishwa na nini? Dozi ilikuwa ngapi, na ziliandikwa na nani? Je, kuna dalili nyingine za utegemezi zilizoulizwa, zikapatikana au zisipatikane?"

Halafu unanyamaza, unasubiri. Yuko likizo, lakini simu yake iko hewani. Akishindwa kabisa, mganga mfawidhi amteue daktari mwingine amwone mama upya, aandike alichokiona yeye siku hiyo kwa jina lake na tarehe yake. Usimwombe mtu asaini kitu cha siku ambayo hakuwepo. Maandishi ya zamani yasifutwe kwa wino mweupe wala karatasi isichanwe. Mstari mmoja juu ya neno lililokosewa, libaki linasomeka, pembeni tarehe, jina na sahihi ya aliyerekebisha, kisha maelezo mapya chini yake. Kwenye kompyuta ongezeni maelezo mapya bila kufuta yale ya kwanza. Dai lirudishwe likiwa na nakala ya maelezo hayo.

Maelezo yenyewe hayahitaji kuwa marefu. Ningefurahi kukuta faili limeandikwa hivi: "Mama, miaka 61. Diazepamu miligramu 5 kila usiku tangu kufiwa, aliandikiwa hospitali, hajawahi kuongeza mwenyewe. Kidonge cha mwisho siku 5 zilizopita, kiliondolewa na familia. Siku ya tatu alianza kutoka jasho, kutetemeka mikono, hakulala. Leo degedege mara moja, hakuwahi kabla. Hanywi pombe. Hatafuti dawa, alitaka kuacha. Tathmini: hali ya kukatiwa dawa ya usingizi ghafla, pamoja na degedege. Utegemezi haukuthibitika." Dozi na mengine hapo nimebuni kwa ajili ya mfano, msije mkayanakili. Ila angalia, kila aliyesoma hayo anajua la kufanya, na kijana wa mama angeweza kuyasoma bila kuona haya. Kama daktari anataka kubakiza alama kwamba anatumia dawa hii kwa muda mrefu bila kuwa na utegemezi, ipo Z92.2.

Kwa kijana, usimpokee dirishani. Kwanza fomu ile hakupaswa kuiona kwa namna hiyo. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mwenye taarifa ni mama, ana akili timamu, kijana si msemaji wake mpaka mama aseme. Mwite mama, amkaribishe mwanawe akipenda, mkae na nesi au daktari mahali penye mlango. Kijana aambiwe kwa upole kwamba alitenda kwa upendo lakini dawa hizi hazinyang'anywi. Ninawaonea huruma vijana hawa. Wanasoma kwenye simu kwamba mama anakula dawa za kulevya, wanafanya kile ambacho mtoto mwema angefanya, kisha wanamkuta mama sakafuni.

Mama akitaka kuziacha, na wengi wanataka, zinaachwa kwa kupunguza, chini ya daktari. Mwendo unaotumika sana ni kupunguza asilimia 5 hadi 10 kila baada ya wiki 2 hadi 4, na kusimama kidogo pale mwili unapolalamika. Daktari atakwenda polepole zaidi dozi inavyokuwa ndogo, kwa sababu kipande kilekile kinachopunguzwa kinakuwa sehemu kubwa ya kilichobaki. Itachukua miezi. Kwa mtu aliyekwisha kupata degedege, hili si la kufanyia nyumbani kwa maelekezo ya simu wala ya barua yangu hii. Apelekwe hospitali ya Mawenzi au ya KCMC, aonwe na watu wa afya ya akili, waamue wao arudishiwe dozi gani na aanze kushuka lini. Na wakati wowote akitetemeka tena mwili mzima, akichanganyikiwa, akianza kuona watu wasiokuwepo, akipata homa pamoja na kutetemeka, au akisema amechoka kuishi, hiyo ni dharura, usiku au mchana.

Nikirudi kwako: simu kwa kijana leo, ujumbe kwa daktari aliye likizo leo hiihii, na mama akija, umwombe zile bahasha. Ukishazipanga kwa tarehe, zipige picha ziingie kwenye faili, kisha umrudishie mfuko wake. Kama mwandiko wa "2 usiku" utakuwepo na hautakuwa wa hospitali, niandikie tena.